Mbwa Aliyekataa Daraja

Mbwa wangu hakuwa mwoga. Nalisema hilo mapema kwa sababu kule Dindira, milimani, watu walimcheka sana, na mimi nilicheka nao kwa aibu, jambo ambalo mpaka leo linanikera. Kwetu Handeni nilimwona kwa macho yangu akisimama mbele ya fisi wawili waliokuja kuchungulia zizi la jirani, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Jirani huyo, mfugaji wa Kimaasai, ndiye aliyenipa mbwa mwenyewe angali mdogo wa kuenea kwenye kapu. Alikuwa na rangi ya udongo mkavu, sikio moja limechanika, na hakuwa na jina. Nilimwita kwa mluzi. Mmoja mrefu, njoo. Miwili mifupi, kamata.

Wala sikuwahi kumgusa. Kwetu mbwa ni wa nje. Bibi yangu alitufundisha tukiwa wadogo kwamba mbwa analinda, anapewa chakula chake na kivuli chake, lakini mate yake na unyevu wake ni najisi. Ukiguswa, unaosha mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Na Handeni maji ya kuosha mara saba utayatoa wapi? Dumu moja kutoka lamboni ni asubuhi yako nzima imekwenda. Ukimshika mbwa umemaliza maji ya kupikia. Kwa hiyo nilimwongoza kwa mluzi na fimbo, na nikikasirika nilimrushia bonge la udongo. Sikuona kasoro. Kila mtu niliyemfahamu alifuga hivyo.

Misimu miwili mfululizo mvua ilitudanganya. Ilinyesha siku nne, tukapanda, ikaondoka. Msimu wa pili ghala lilipobaki na vumbi, kaka wa mke wangu alikuja kutoka Magoma kuwachukua mke wangu na watoto wetu wawili. Mke wangu alifunga nguo za watoto kwenye kanga, akasimama mlangoni.

"Sikukimbii, baba watoto," akaniambia. "Naenda kwetu watoto wale. Ukivuna, uje utuchukue."

Kaka yake hakuwa na maneno laini kama yake. "Shemeji, ni msimu huu tu," alisema. "Ukipita na huu hivihivi, tutakaa kikao." Nilijua kikao hicho kingeishia wapi. Katika ukoo wetu nimeshuhudia viwili, na vyote viliisha kwa talaka.

Ndipo nikapanda Dindira kwa mke wa mjomba. Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, alikuwa ameshafariki, na mkewe alibaki peke yake na miche yake ya chai. Alikuwa na kishamba ng'ambo ya korongo ambacho magoti yake hayakumruhusu tena kukifikia. "Lima wewe," aliniambia. "Udongo ni mzuri. Ila kuna nyani, na nyani wa huku hawana adabu."

Kufika shambani ilibidi uvuke daraja. Naliita daraja kwa heshima tu. Yalikuwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo, yakapigiliwa mabanzi kwa juu, na mabanzi yenyewe yameachana kiasi cha kuona maji yakipiga mawe chini kabisa. Upande mmoja palikuwa na kamba ya katani ya kushikia. Wanawake wa Dindira walilipita na mizigo ya kuni kichwani huku wakipiga soga. Mimi siku ya kwanza niliogopa hata kukanyaga banzi la kwanza. Nilikaza macho kwenye mti wa upande wa pili, nikapita haraka kama mtu anayekimbia mvua, na nilipofika nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili mapigo ya moyo yatulie. Mimi ni mtu wa tambarare. Lakini sikumwambia mtu yeyote, na kila siku nilivuka hivyohivyo.

Mahindi yalikubali. Sijawahi kuona mahindi ya namna ile kwetu, mabua manene, majani ya kijani cheusi. Yalipoanza kutoa ndevu, nyani wakaja.

Nilidhani nawaweza. Nilikuwa na debe na fimbo, na sauti ya kutosha. Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili walikimbia kidogo, wakakaa juu ya jiwe kunitazama. Siku ya tatu walinielewa: mimi ni mmoja. Nikikimbilia upande wa juu, kundi linaingia upande wa chini, nikishuka, wanapanda. Walivunja hindi, wanalionja, wanalitupa, wanavunja jingine. Yule dume lao kubwa alikaa kwenye ukingo akimenya taratibu, akinitazama usoni. Jioni nilihesabu mistari kumi na moja iliyokuwa imelala chini.

Nilishuka Handeni kumchukua mbwa, niliyekuwa nimemwacha kwa yule jirani. Njiani, Masuguru, nilizungushwa nusu siku kabla ya kumpata mwenye bodaboda aliyekubali kubeba mbwa, naye akatoa sharti kwamba mnyama asimguse. Nikamsukumia mbwa ndani ya gunia kwa fimbo, nikafunga mdomo wa gunia shingoni mwake akabaki na kichwa nje, nikalipakata gunia juu ya turubai nililotandika mapajani. Barabara ya kupanda milimani inakata kona juu ya kona, na kila kona bonde lilikuwa chini ya mguu wetu. Mbwa ambaye maishani mwake hajawahi kuona chini isipokuwa chini ya miguu yake alilitazama lile bonde. Akatetemeka, akatapika, akajikojolea ndani ya gunia. Nilipomfungua uani kwa mke wa mjomba, aliingia chini ya kibanda cha kuni na hakutoka mpaka kesho yake.

Kesho yake nikampeleka darajani. Nilivuka kwanza, haraka kama kawaida yangu, nikageuka nikapiga mluzi mrefu. Alikuja mbio mpaka kwenye gogo la kwanza. Akaweka mguu juu ya banzi, akaona maji kupitia ule uwazi, akaganda. Masikio yalilala. Nikapiga tena mluzi. Akalia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kama anayo, akarudi nyuma kinyumenyume, tumbo likigusa chini. Nyuma yangu, shambani, nilisikia mabua yakivunjika.

Njia ya kuzunguka kwenye kivuko cha chini ilikuwa imekatwa na mvua. Nililichukua tena lile gunia nikitaka kumbeba. Alipoliona tu alitoweka mpaka jioni. Nilimrushia bonge la udongo, nikamtukana matusi ambayo bibi yangu angenifungia mlango kwa ajili yake.

Siku ya nne nilifanya kosa ambalo bado naliota. Nilimrushia kitanzi cha kamba ya katani shingoni, nikavuka, nikaanza kumvuta kutoka ng'ambo. Nilivuta kama ninavyovuta mbuzi. Alikaza miguu, kucha zikikwaruza mabanzi, nami nikazidi kuvuta. Alifika karibu robo ya daraja. Mabanzi yalikuwa yamelowa ukungu. Miguu ya nyuma ikateleza, kiwiliwili kikafuata, na mbwa wangu akabaki ananing'inia juu ya korongo kwa kamba niliyoishika mimi.

Hakulia, maana hakuwa na pumzi ya kulilia. Nilitambaa juu ya magogo kwa tumbo, mimi niliyeogopa hata kupita nimesimama, nikimvuta huku naomba dua zisizo na mpangilio. Nilipompandisha alilala ubavu, ulimi umekuwa wa buluu. Kisha kitanzi kikalegea, akavuta pumzi, akajichomoa, akaniangalia, akanikimbia.

Jioni ile nilipanda kwenye jiwe la mtandao, mahali pekee ambapo simu ilishika, nikampigia mke wangu Magoma.

"Mahindi yamefika wapi?" akauliza.

"Yanaendelea vizuri."

"Watoto wanauliza kila siku."

"Waambie karibuni."

Nilikata simu nikakaa palepale. Sijui kama niliwahi kujichukia namna ile. Nusu ya shamba ilikuwa inaelekea kwisha, nimemdanganya mke wangu, na kiumbe pekee ambaye angeweza kunisaidia nusura nimnyonge kwa mikono yangu.

Asubuhi mbwa alikuja kula lakini alisimama mbali. Nikachukua fimbo kumwelekeza darajani, akalala chini akinionyesha tumbo. Nikampiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpiga fimbo tatu, na ya nne mkono ukakataa, nikakaa kwenye matope nikalia mtu mzima mimi, kofia yangu ya sala ikadondoka kwenye maji.

Mke wa mjomba alikuwa mlangoni na kikapu chake cha chai mgongoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikiokota kofia.

"Marahaba. Umemaliza kulia au niondoke nirudi?"

Aliweka kikapu chini. Akamwendea mbwa, akachuchumaa kwa shida na yale magoti yake, akaweka kiganja nyuma ya shingo yake, pale kamba ilipokuwa imechubua. Mbwa akajikunja kama anayesubiri pigo. Yule mama hakuondoa mkono. Baada ya muda shingo ya mbwa ikalegea, kichwa kikashuka.

"Hajawahi kushikwa huyu," alisema.

"Mama, amelowa. Ni najisi."

"Najua. Nimesoma chuo cha Kurani kabla hujazaliwa." Akanyanyua kidevu kuelekea kwenye mfereji uliokuwa ukipita mbele ya nyumba, maji yakitiririka usiku na mchana bila mtu kuyahitaji. "Maji hayo. Udongo huo. Kwani umeambiwa usiguse, au umeambiwa unawe? Nyie Wazigua mmekaa na ukame mpaka mmeufanya dini."

Aliinuka, akanawa pale mferejini mbele yangu, mara ya kwanza kwa udongo, kisha mara sita, bila haraka, akachukua kikapu akaenda kuchuma chai yake.

Nilibaki na mbwa. Nilimkaribia bila fimbo. Mkono wangu ulipofika nywele zake za shingo nilishangaa zilivyokuwa laini. Miaka minne nilidhani ni ngumu kama majani ya ukindu. Chini ya ngozi kulikuwa na mtetemo usioisha, mdogomdogo. Nilikaa pale mpaka ukapungua. Kisha nikanawa mara saba, na maji yalikuwa ya baridi hata vidole vikauma.

Tangu siku hiyo nikaanza upya. Nilichukua banzi moja nikalilaza uani, chini kabisa, nikatembea juu yake na mbwa pembeni, kiganja shingoni. Alipita. Nikaweka mawe chini ya ncha zake, akapita akinung'unika. Nikaongeza mabanzi mawili, nikayaachanisha ili aone uwazi. Hapo alisimama kutwa nzima. Sikumvuta. Nilikaa naye juu ya mabanzi, nikamsimulia habari za nyumbani, za lambo na za yule jirani mfugaji, na alipoweka mguu kuruka uwazi nilimpa kipande cha ugali kutoka kiganjani, kitu ambacho bibi yangu angekiona angezimia. Kisha nikayahamishia mabanzi juu ya mfereji, ili azoee maji kupita chini yake.

Lakini nyani hawakunisubiri. Kila asubuhi niliyoitumia uani walikuwa shambani. Mke wa mjomba alikwenda ukingoni upande wetu akagonga debe mpaka mkono ukachoka, na wao wakaendelea kula huku wakimtazama. Nilisikia mahindi yangu yakivunjika nikiwa nimeshika shingo ya mbwa, na ilibidi mkono usikaze, kwa maana ukikaza tu anaanza kutetemeka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Hasira yangu nimezaliwa nayo, na siku zile niliimeza mpaka kifua kikauma. Mara mbili nilimwacha nikakimbilia shambani na fimbo. Mara zote mbili nilikuta mistari imelala, na niliporudi mbwa alikuwa amesahau nusu ya tulichojifunza. Mwishowe nikakata shauri: upande wa chini wa shamba nimewaachia. Nililitamka kwa sauti, nikiwa peke yangu, na sauti ilitoka mbaya.

Siku ya kumi na mbili tulikwenda darajani. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ambo haikuonekana, na nadhani hilo lilitusaidia sote wawili. Sikutangulia. Nilipiga magoti kando yake, mkono mmoja kwenye kamba ya katani, mwingine shingoni mwake. Nilikuwa nimezoea kulipita daraja lile mbio. Sikuwa nimewahi kulipita taratibu, na taratibu ndivyo unavyoliona. Niliona kila ufa. Katikati, banzi moja lilicheza chini ya goti langu. Mbwa akasimama, nami nikasimama. Chini ya kiganja nilisikia moyo wake unavyokwenda, na wangu ulikuwa unakwenda vilevile. Hapo ndipo nilipojielewa mwenyewe. Tangu siku ya kwanza nilikuwa navuka nikiwa nimekauka kwa hofu, halafu nageuka kumpigia mluzi aje. Alikuwa ananiona, na mbwa huwezi kumdanganya kwa kufunga kamba ya kiatu.

"Na mimi naogopa," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu.

Tulikaa pale, sijui kwa muda gani. Yeye ndiye aliyeinua mguu kwanza.

Alipokanyaga udongo wa ng'ambo alijikung'uta mwili mzima, akanirushia maji usoni, akainua pua. Sikuhitaji kupiga mluzi. Aliingia kwenye mahindi, na ghafla nikasikia ile sauti ya Handeni, sauti ya mbele ya fisi. Nyani walitoka shambani kwa makelele, wengine na watoto mgongoni, na yule dume aligeuka mara moja kuonyesha meno kisha akaona heri kwenda. Nilikaa chini kati ya mabua nikacheka mpaka machozi. Halafu nikayaangalia mabua yenyewe, nikaacha kucheka.

Tulivuna magunia manne. Shamba lile lilikuwa la magunia tisa. Jioni ya siku ya mwisho nilipanda kwenye jiwe la mtandao, nikampigia mke wangu, nikamwambia yote: nyani, uongo wangu, kamba, fimbo, magunia manne.

"Manne?" akauliza.

"Manne."

"Tukichanganya na muhogo yatatufikisha," alisema. "Nitamwambia kaka. Usije. Nitakuja mwenyewe niyaone."

Alikuja na gari la asubuhi, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa ameshika kanga yake. Nilitaka aone shamba, na mahindi mawili matatu niliyomwachia ayavune kwa mkono wake. Tulifika darajani. Mtoto mkubwa nilimvusha mabegani, nikamwacha ng'ambo amekaa chini ya mti. Niligeuka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye gogo la kwanza, anatazama kupitia uwazi wa mabanzi. Uso ulikuwa umebadilika. Yeye ni wa Magoma, na Magoma nako ni tambarare.

"Haya, vuka!" nikapaza sauti. "Vuka tu, usitazame chini!"

Hakusogea. Mbwa, aliyekuwa katikati ya daraja, alisimama akanitazama. Na mimi niliisikia sauti yangu. Miaka minane ya ndoa, na nilikuwa nimemwita kutoka ng'ambo kila mara: njoo, harakisha, kwani una nini. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimshika mkono, mahali popote, nje ya ugonjwa na uzazi. Sikukumbuka.

Nikarudi. Nilimpita mbwa, nikafika mbele ya mke wangu, nikanyoosha mkono. Aliutazama, kisha akamtazama mbwa, ambaye nilikuwa nimempapasa muda mfupi tu uliopita.

"Umenawa?" akauliza.

Nilirudi mpaka mferejini, unapopita hatua chache tu nyuma ya daraja. Aliningoja, akihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na alihakikisha udongo haujasahauliwa. Nilipomrudia alinipa mkono, tukaingia darajani taratibu, mbwa mbele yetu. Tulipofika kwenye banzi linalocheza alinibana vidole.

"Mkono wako unatetemeka," alisema.

"Ndiyo."

"Kwani na wewe unaogopa?"

"Kila siku," nikamwambia.